Kope ya Mama Mkwe

Tangu nilipopewa tochi ya macho, sikuweza tena kukaa na watu kwa adabu. Mtu akinisalimia, nilimjibu nikiangalia kope zake. Mhubiri akipanda mimbarini, wenzangu walisikiliza neno, mimi nilikuwa nachungulia kama ule weupe wa macho yake ni mweupe kweli. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka masomoni Nairobi na cheti cha kutibu macho, nimerudi kwetu Migori, na hospitalini hakukuwa na mwingine wa kazi hiyo. Watu waliniita daktari. Sikuwa daktari, nilikuwa afisa wa kliniki, lakini kila nilipoitwa hivyo shingo ilirefuka kidogo.

Wagonjwa wangu karibu wote walikuja na neno lilelile: "Macho ni mekundu." Na hapo ndipo raha yangu ilipoanzia, kwa sababu wekundu si mmoja! Mkata miwa wa Awendo angekuja amefumba jicho, machozi yanamtiririka, nami nikimmulika naona kidoa cheupe juu ya kioo cha jicho, pale jani la muwa lilipomkwaruza, kidonda kimeanza kuoza. Fundi wa kuchomelea vyuma angekuja asubuhi akiapa ametiwa mchanga machoni, kumbe jana alichomelea bila miwani. Mzee mmoja aliletwa na wanawe wakilia kwamba damu imemjaa jichoni, na kweli ilikuwa imejaa, nyekundu kama nyanya, na mimi nikawaambia waende nyumbani wakanywe chai. Alikuwa amekohoa sana, kamshipa kakapasuka, basi. Lakini mama aliyeshika kichwa, anatapika, jicho moja jekundu na mboni imetanda ukungu haisinyai hata ukiimulika, huyo nilimkimbiza mwenyewe hadi kwenye gari. Presha ya jicho haisubiri mtu.

Nilikuwa nafurahi, nisidanganye. Si kufurahia maumivu ya watu, bali ile nukta ambapo jambo lililofichika linajitokeza mbele yako, nawe unalijua jina lake. Mwalimu wangu alitufundisha jambo moja ambalo nililishika kama sala: macho mawili mekundu, yameamka na tongotongo, mara nyingi yatapona hata ukiyaharibu kwa dawa zako. Jicho moja jekundu lisilosikia dawa, hapo shika tochi vizuri na uangalie mpaka kwenye kope.

Sasa niwaambie juu ya mke wangu na mama yake.

Mimi ni Mkuria, kwetu ni karibu na mpaka wa Tanzania. Mke wangu ni Mjaluo wa kisiwa cha Rusinga. Alikuwa fundi cherehani mjini Migori, nikampelekea suruali apunguze kiuno, akaniuliza kama nyumbani hawanipi chakula, na mambo yakaendelea kutoka hapo. Kiswahili ndicho kilichotuoza, kwa kuwa yeye hajui Kikuria na mimi Dholuo yangu ni ya kuombea maji. Lakini kwenye heshima ya ukwe, kwao na kwetu hatukuwa na la kubishania. Mume wa binti hamtazami mama mkwe usoni. Hampi mkono, hali naye, halali bomani mwake. Akija ukweni anaketi na wanaume kwenye nyumba kubwa, mama mkwe yuko kwake jikoni, na salamu zinapita ukutani.

Kwa hiyo mama mkwe wangu nilimjua kwa vitu viwili tu. Cha kwanza ni sauti, iliyokwaruzika kwa miaka ya kuita wateja wa omena, dagaa wa ziwani. Cha pili ni miguu. Nilipokuwa lazima nipite karibu naye, niliinamisha kichwa kama ipasavyo, na nilichoona ni akala za tairi la gari na kidole kikubwa cha kushoto kilichopinda kando kama kinataka kwenda njia yake. Ningekutana naye sokoni Kosele amevaa viatu vya kufunika na amenyamaza, ningempita kama mgeni. Mimi, mwenye kuchungulia macho ya wilaya nzima!

Naye hali yake ilikuwa hiyohiyo. Aliijua sauti yangu. Uso wangu hakuujua.

Basi timu ya macho ya Homa Bay ikapanga kwenda Rusinga siku kadhaa, na mtu wao mmoja akapata safari nyingine. Wakaniazima. Nilifurahi kama mtoto aliyeambiwa kuna harusi. Mke wangu akasema atakuja pia amsalimie mama yake, ila tulipofika Mbita alishuka kununua sukari na majani ya chai, akasema atavuka kwa miguu lile tuta la mawe linalounganisha bara na kisiwa. Mimi nikaendelea na timu. Nyumbani kwao hakuna aliyejua kwamba niko.

Tulipewa kanisa moja la bati karibu na ufuo. Joto lilikuwa la kuivisha mayai, na harufu ya omena iliyoanikwa iliingia kila dirisha. Watu walijaa hadi nje. Nilikaa kwenye kiti karibu na mlango wa pembeni, tochi mkononi, miwani ya kukuzia kwenye paji la uso, na nikaanza kazi. Watoto wenye tongotongo. Mvuvi aliyechomwa na pezi la samaki. Bibi mwenye mtoto wa jicho mbichi, bibi mwenye mtoto wa jicho aliyeiva. Nilikuwa nimenoga.

Akaja mama mmoja amejifunika leso mpaka puani, akaketi bila neno. Nilikuwa nimekwisha kuinua tochi. Jicho la kulia jekundu, la kushoto jeupe safi. Moja tu! Nikasogea. Kwenye kope ya juu, ukingoni, palikuwa na kinundu cha manjano manjano, na pale kilipokaa hapakuwa na unywele hata mmoja. Kando yake nywele zilisimama vizuri, kisha ghafla uwazi, kama shamba lililopitiwa na mbuzi. Ugonjwa huo nilikuwa nimeuona kwenye picha ya kitabu tu. Kansa ya tezi za mafuta za kope, mjanja kuliko wote, maana hujifanya chokea, kile kijipu cha ukingo wa kope, hujifanya macho mekundu ya kawaida, huku ikitafuna polepole.

Nikasema kwa sauti ya upole ya kidaktari: "Mama, hiki kinundu kilianza lini?"

Jicho lile lilinigeukia. Likapanuka.

"Mayo!"

Kiti kilianguka upande, leso ikapaa, benchi la wagonjwa likayumba, na mama wa watu alitoka kwa mlango wa pembeni mbio ambazo sikuzitegemea kwa umri ule. Nikabaki nimeinua tochi, namulika ukuta. Niliinamisha macho, na kitu cha mwisho nilichokiona kikivuka kizingiti kilikuwa akala moja ya tairi, na kidole kikubwa cha kushoto kinachotaka kwenda njia yake.

Niliketi. Mgonjwa aliyefuata aliketi pia, akaniuliza kama ugonjwa wa yule mama unaambukiza.

Mke wangu alifika na sukari yake akamkuta mumewe nyuma ya kanisa anatembea huku na huku. Nilipomweleza, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Umemuona mama yangu uso! Haki, wewe! Na tochi juu!"

"Macho hayana pazia," nilisema. "Sikujua ni yeye. Sikia, acha kucheka. Ile kitu iko kwa kope yake si nzuri."

"Hiyo ni chokea. Iko na yeye kitambo. Zahanati walipasua ikarudi. Wakapasua tena."

"Ikarudi palepale?"

"Palepale." Kicheko kilikuwa kinapungua.

"Na nywele zimeisha."

"Hapana, hizo anang'oa mwenyewe. Ya mawe."

Hapo nilisimama. Mambo ya mawe niliyajua, watu wengi wa pande zetu wameyafanya utotoni. Ukiota chokea, unang'oa unywele wa kope, unauweka njiani katikati ya mawe madogo mawili, unaondoka bila kugeuka. Atakayeyapiga mawe teke ataondoka na chokea yako. Mama mkwe alikuwa ameyapanga mawe yake kwenye njia ya kwenda ziwani, kila chokea iliporudi, kwa subira ya mtu anayemtega sungura. Na kumbe ndiyo maana hakuna aliyeshtuka! Dalili kubwa kuliko zote, nywele kuanguka, iliwekewa maelezo mazuri: amezing'oa mwenyewe. Na huenda ni kweli alizing'oa. Ukiwa na uwazi kwenye kope na mtu anakuambia mkono wake ndio uliofanya, utasema nini?

Mwenzenu nikaingiwa na shaka. Nilikuwa nimemuona kwa muda wa kupepesa jicho. Huenda ilikuwa chokea sugu tu, na mimi na vitabu vyangu nilikuwa natafuta makuu. Lakini kama nilikuwa sahihi, kila wiki ilikuwa na maana. Ikiachwa, ingeingia nyuma ya jicho, ingeshuka kwenye tezi za mbele ya sikio, na hapo tungekuwa tunaongea juu ya maisha yake, si jicho. Daktari mpasuaji wa macho alikuwa Homa Bay wiki hiyohiyo. Ijumaa anaondoka, na kurudi kwake kulikuwa kwa miezi. Nilihitaji kuiangalia ile kope sawasawa, nje na ndani, na nilikuwa mtu mmoja duniani asiyeweza kuisogelea.

"Basi mimi nitaangalia," mke wangu alisema.

"Unajua kugeuza kope wewe?"

"Nageuza kola ya shati kila siku. Nifundishe."

Tukafanyia hapohapo, nyuma ya kanisa, na mgonjwa wake nilikuwa mimi. Nilimpa kijiti cha kiberiti. Nikamwambia: mwambie atazame chini, shika nywele za kope taratibu, vuta mbele, weka kijiti juu, pindua. Mara ya kwanza alinichoma nikaruka. Mara ya pili aliigeuza kope yangu kama mfuko wa suruali, akachungulia ndani, akasema, "Uh! Huku ndani uko mwekundu kama watu wengine tu." Watoto walikuwa wamejaa kona ya kanisa wanatuangalia. Sikujali. Nilikuwa na moto.

Jioni ilipoanza tulikuwa bomani. Niliketi kwenye kigoda nje ya jiko la mama mkwe, mgongo wangu ukutani, uso wangu ukiangalia ziwa. Mke wangu alikuwa ndani na mama yake, mlango wazi ili mwanga uingie. Ukuta wa udongo kati yetu ulikuwa na ufa mdogo karibu na sikio langu, ukapitisha kila kitu.

"Huyo ameketi wapi?" niliisikia ile sauti iliyokwaruzika.

"Nje, mama. Anaangalia ziwa."

"Aangalie hivyo hivyo."

Nikaanza. "Kinundu ni rangi gani?"

"Manjano. Kama mafuta ya kuku."

"Kibonyeze. Kinasogea ama kimeshika?"

"Kimeshika. Ni kigumu."

"Mama anasikia uchungu?"

"Muulize huyo," mama mkwe aliingilia, "kama kilikuwa na uchungu ningekaa nacho hivi? Hakina uchungu. Ni macho tu inakuwa nyekundu."

Chokea huuma. Kinachotafuna bila kuuma ndicho kibaya. "Geuza kope," nilisema. Nilisikia kijiti, nikasikia mama mkwe akivuta pumzi, kisha mke wangu akaongea, lakini polepole sasa, bila utani wowote.

"Ndani kuna kama uji wa manjano umeshikana na nyama. Na kuna mishipa midogo inaenda pale, kama nyuzi nyekundu."

"Muulize zile nywele. Alizing'oa lini mara ya mwisho?"

"Nasikia," mama mkwe alisema. "Niliacha. Tangu tuvune mahindi ile mwaka ingine sijang'oa. Mawe ilikataa."

"Na hazijaota?"

"Hazijaota."

Hapo ndipo shaka ilinitoka yote! Unywele ukiung'oa, huota tena, haumalizi miezi mingi. Hizi hazikuota kwa sababu mahali pa kuotea palikuwa pameliwa. Nilitaka kupiga kelele, lakini lilibaki swali moja, na sikutaka kuliuliza.

"Mshike mbele ya sikio," nilisema. "Halafu chini ya taya. Tembeza vidole polepole kama unatafuta pini kwenye kitambaa. Kuna kitu? Tezi? Kitu kama punje ya maharagwe?"

Ziwa lilikuwa limetulia. Kuku alipita mbele yangu, akanitazama, akaendelea na safari yake.

"Hakuna," mke wangu alisema.

"Rudia."

"Nimerudia. Hakuna kitu."

Nilisimama, kigoda kikaanguka, nikaruka hewani kama mtu wa mpira aliyefunga bao. Nilikuwa nacheka peke yangu kwenye uwanja wa ukweni. Bado haijatembea! Bado tuna wakati!

"Huyo ana nini?" mama mkwe aliuliza ndani.

"Amefurahi, mama."

"Mimi niko na ugonjwa, yeye amefurahi."

Mke wangu alimweleza kwa Dholuo, muda mrefu. Nilishika neno moja moja tu. Mwisho akageuza kwa Kiswahili ili nami nisikie: "Usipoziba ufa utajenga ukuta, mama." Mama mkwe akauliza kama huyo mpasuaji wa Homa Bay ana undugu wowote na sisi. Akaambiwa hana, ni mtu wa mbali kabisa. Akasema basi sawa, atakwenda, mradi huyu wa kuangalia ziwa asimkaribie.

Ijumaa asubuhi tulikuwa Homa Bay. Nilipanda mbele na dereva, wao nyuma, na sikugeuka safari nzima. Mpasuaji alimwangalia mama, akatoka nje akaniambia, "Umeona vizuri. Tukate leo." Nilimwambia aliyeona ni mke wangu. Akadhani namtania.

Nikaketi kwenye benchi la nje nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi yake. Haikudumu. Msaidizi wa mpasuaji, yule wa kushika mikasi na kufuta damu, alitokea kwenye korido akitembea kando ya ukuta. Macho yake mawili yalikuwa mekundu kama pilipili, yamevimba, tongotongo mpaka kwenye nyusi. Macho mekundu ya kawaida! Yale ya kupona yenyewe, yale niliyokuwa nikiwapeleka watu nyumbani bila wasiwasi. Alikuwa na timu yetu Rusinga, akayaokota huko kwa wale watoto. Mpasuaji alimfukuza toka mbali, kama anayemfukuza mbuzi kwenye shamba la watu, maana mtu wa namna hiyo akigusa jicho lililofunguliwa atakuwa ameliua.

Kisha akanigeukia mimi. "Unajua kusaidia?"

"Najua."

"Basi nawa."

"Siwezi. Yule ni mama mkwe wangu."

Mpasuaji, ambaye kwao ni mbali na mambo haya, alinitazama kama nimemwambia siwezi kwa sababu ni Ijumaa. Alisema gari lake linaondoka alasiri. Alisema peke yake hawezi kukata na kufuta na kushona kope. Kama si leo, ni atakaporudi, na atakaporudi hajui atakuta nini. Aliyasema bila hasira, ndiyo maana yaliniingia.

Heshima si utumwa, tunasema, na mimi niliiamini heshima hiyo na bado naiamini. Kumvunjia mama yule adabu mbele ya watu, huku amelala mezani, kungemwacha na kope nzima na aibu ya maisha. Lakini kope ile haikuwa na miezi ya kusubiri. Nikamwita mke wangu, nikamwambia amuulize mama, na atakalosema ndilo.

Aliingia. Alikaa huko hadi nikachoka kutembea. Alipotoka uso wake ulikuwa nusu kicheko nusu kilio.

"Amekuuliza kama wanafunika uso huko ndani."

"Wanafunika wote. Kitambaa cha kijani, kina tundu la jicho tu."

"Nimemwambia. Akauliza na wewe utafunikwa? Nikamwambia ndiyo, kofia na kitambaa mdomoni, macho tu nje. Akafikiria. Akasema jicho si mtu. Kama yeye hana uso na wewe huna uso, basi hakuna mkwe hapo." Alipangusa pua. "Lakini usiongee. Akisikia sauti yako tu, atashuka kwa meza."

Kwa hiyo niliingia chumba cha upasuaji bubu. Mimi, niliyezaliwa na mdomo! Mpasuaji aliuliza, nami nilijibu kwa kichwa. Mezani palikuwa na kilima cha kijani, na katikati ya kilima jicho moja. Alidunga ganzi. Nilishika kope kwa koleo dogo, nikafuta damu, nikavuta pale palipohitaji kuvutwa. Niliona kitu chote sasa, kwa utulivu, kwa taa kubwa, jinsi kilivyojichimbia. Alikata pembeni mwake akichukua na nyama nzima kidogo ili asiache mzizi, akakitia kwenye chupa ya kupelekwa maabara. Palibaki pengo. Nililiona ni kubwa mno. Nilidhani halitafunga, nilidhani tumemwachia mama wa watu dirisha lisilo na pazia. Mpasuaji akashika kingo mbili kwa vidole, akazisogeza, na zikakutana. Zikakaa pamoja kana kwamba ndivyo zilivyozaliwa.

Machozi yalinitoka hapo, sikuyategemea. Yaliteremka yakalowesha kitambaa cha mdomoni, na sikuweza kuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa safi. Mpasuaji alishona.

Uzi wa mwisho ulipokatwa, mpasuaji aliondoa pamba na jicho likafunguka. Lilikuwa la kahawia iliyokolea, na kandokando ya weusi palikuwa na duara la kijivu la umri. Lilitazama taa, likatazama mpasuaji, kisha likaja kwangu na kutulia. Sikuinamisha kichwa. Jicho si mtu, alikwisha sema mwenyewe. Tulitazamana.

"Daktari," sauti ilitoka chini ya kitambaa, "huyu wa kushika mkasi, macho yake ni nyekundu."

Mpasuaji alishtuka, akiwa na yule msaidizi wake bado moyoni. Akaniinamia, akanikazia macho. "Umeambukizwa na wewe?"

Nilitikisa kichwa. Sikuruhusiwa kusema.

"Hapana, daktari, hiyo si ugonjwa," mama mkwe akasema. "Huyo amelia."

Jibu la maabara lilikuja baada ya wiki nyingi, kwa simu ya ofisini, na mpasuaji alinisomea upande wa pili huku laini inakwaruza. Ilikuwa ile niliyoidhani. Na kingo zote zilikuwa safi, hakuna kilichobaki. Nilimwambia arudie. Nilimwambia arudie tena. Kisha nikamfuata mke wangu kwenye cherehani yake, tukafunga duka mchana kweupe, tukaondoka kwenda Rusinga.

Niliketi pale pale, mgongo kwenye ukuta wa jiko, ziwa mbele yangu. Mke wangu aliingia ndani. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima.

"Mama," nilisema, "imeisha. Yote ilitoka. Jicho ni lako."

Nilisikia kuni zikipasuka, nikasikia kifuniko cha sufuria kikiwekwa chini taratibu.

"Na yako?" sauti ile iliuliza kupitia ule ufa. "Macho yako ilipona?"

"Ilipona, mama," nilisema, nikivuta kamasi.

"Uongo," alisema. "Nasikia."